Waya Mwekundu na Mteremko wa Fizi

Baba Riziki,

Nakuandikia nikiwa barazani, pale pale ulipopenda kufungulia pikipiki, na vidole vyangu vinanuka mpira ulioungua. Usiulize kwanza, nitafika huko. Wewe hukuwa na subira ya kusikiliza habari mpaka mwisho. Ulikuwa unaingilia katikati na kuimalizia mwenyewe, tena vibaya. Leo huna la kufanya, itabidi unisikilize.

Riziki mzima. Ameng'oka jino la mbele na amelificha mahali, anasema ni lako. Mdogo wake ameanza kutembea kwa kushika ukuta, na kila pikipiki inayopita njiani anaiita baba. Hilo nalisema mara moja tu, maana nikilirudia barua itaishia hapa. Mama yangu alikuja kutoka Nundu akakaa nasi, kisha akarudi kwa mihogo yake. Mimi bado nauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Wateja wangu wananipunja kidogo siku hizi kwa sababu wananihurumia na hawataki kuniangalia usoni wakati wa kuchagua, wanajichotea tu.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia. Hata sasa hasira haijaisha yote. Lakini kuna mambo yaliyotokea baada ya siku ile ambayo hukurudi, na wewe hukuyaona, na hakuna mwingine anayeweza kukusimulia kwa haki. Alimasi, kaka yako, atajipamba. Acha nikueleze mimi.

Yote yanaanzia kwenye ule waya mwekundu. Unakumbuka patroni alipotuma kile kidude? Pikipiki ilikuwa yake, wewe ulikuwa motari tu, dereva wake, na yeye anakaa Uvira. Kilikuja kwa boti, kimeviringishwa ndani ya mfuko wa sukari: kisanduku cheusi kidogo kama kiberiti, chenye nyaya tatu. GPS. Kifungwe chini ya kiti, alisema, ili akiwa kwake atazame kwenye simu na kuona pikipiki yake iko wapi. Ulinuna siku nzima. "Huyu muzee anataka kunichunga sawa ngombe," ulisema. Lakini ulikifunga mwenyewe, maana hukumwamini fundi yeyote wa Baraka kugusa nyaya zako.

Mimi nilishika taa ya kupimia, ile balbu ndogo yenye mikia miwili, inayowaka ikigusa penye umeme. "Shika muzuri, Mama Riziki. Usitetemeke sawa muntu ya malaria." Ukanifundisha polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusali. Mweusi unakwenda kwenye chuma cha pikipiki. Mwekundu unakunywa kwenye betri. Wa manjano unauliza ufunguo kama umefunguliwa. Ulimenya plastiki ya waya kwa meno, nami nikakuambia meno si koleo, nawe ukasema meno ni koleo la maskini. Ulisokota, ukayeyusha mpira kwa kiberiti, ukafunga kwa ukanda wa tairi la ndani. Kitaa cha kijani kikaanza kukonyeza, nasi tukakikonyeza.

Asubuhi yake betri ilikuwa imekufa. Ilikuwa nzee kuliko ndoa yetu, na kisanduku kilikuwa kimeinyonya usiku kucha. Pikipiki iliwaka kwa teke, lakini klaksoni ilikauka, na motari asiye na klaksoni kwenye njia za mbuzi na watoto wa shule anatafuta kesi. Ukafungua kiti tena, ukautoa waya mwekundu kwenye betri, ukaufunga pamoja na ule wa manjano kwenye waya wa ufunguo. "Sasa nikifunga ufunguo, nayo inalala. Ata mi nalalaka." Ulijisifu mpaka jioni. Betri haikufa tena. Patroni hukumwambia.

Ningeishia hapo kama nchi yetu ingekuwa tambarare. Lakini kuna ule mteremko mrefu unapotoka Fizi kurudi Baraka. Mamotari wote wa huku mna tabia moja: mkifika juu mnafunga ufunguo na kuiachia pikipiki ishuke yenyewe, ili mafuta yasiungue, mpaka chini darajani ndipo mnawasha. Kila mara tuliporudi kwa dada yako ulinifanyia hivyo. Ghafla kelele inakatika, inabaki sauti ya upepo na mawe chini ya tairi. Mimi nafumba macho na kukushika mbavu. "Sikiliza bandege, Mama Riziki. Mulima iko natubeba bure." Nami nakupiga mgongoni: "Washa, weye! Washa ao nashuka!" Ulikuwa unacheka mpaka pikipiki inayumba. Nilikuchukia sana kwenye ule mteremko, na leo ningetoa kila nilicho nacho nikuchukie tena pale.

Na kila ulipofunga ufunguo, kisanduku nacho kililala. Kule Uvira patroni aliona pikipiki yake inapotea juu ya mlima na kuibukia chini. Alikupigia simu tukiwa tunakula. "Ni rezo, patroni," ulimjibu, mdomo umejaa ugali. "Kule mulimani rezo inakataka." Ukanikonyeza. Ulisingizia mtandao kwa sababu alikuwa amekataza kushuka namna ile, alisema kunamaliza breki zake. Nilicheka nawe. Ulikuwa uongo mdogo wa kulinda kazi, kila motari ana wa kwake.

Sasa sikia uongo huo ulichokufanyia. Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ulimbeba mama mmoja wa kambi ya Lusenda mpaka Fizi, naye alithibitisha kwamba ulimfikisha salama, ukamsaidia hata kushusha mzigo, ukageuza. Jioni hukurudi. Kesho yake hukurudi. Simu yako ilikuwa haipatikani. Patroni akafika mwenyewe kutoka Uvira, hajaoga, na ramani kwenye simu yake ilionyesha pikipiki inafika juu ya mteremko na kutoweka. Mamotari walipekua juu pale kila kichaka. Hakuna damu, hakuna tairi, hakuna wewe.

Wakawauliza wale wanawake wanaolima mihogo kando ya barabara, kwenye ule mteremko. Mkubwa wao alijibu, "Siye tulikuwa mu shamba ile siku mpaka jua kuzama. Moto ya kushuka hatukuisikia." Hawakusikia pikipiki, na mimi sikuwalaumu, wala sitawalaumu. Walisema kile masikio yao yalichowapa.

Basi kesi yako ikaisha bila wewe kuwepo. Ulifika juu, hukushuka. Maana yake ulikata waya, ukaingia njia za porini, ukaiuza pikipiki kwa watu wenye bunduki. Na zile siku zote za rezo? "Alikuwa anajaribu," patroni alisema. "Kidogo kidogo, aone kama nitajua." Mji ukaongeza chumvi. Umeonekana Kigoma. Una bibi mwingine. Umenenepa! Wewe, ambaye mkanda wako nilikuwa nautoboa matundu mapya kwa msumari.

Nilingoja Alimasi akutetee. Alikuja, akasimama mlangoni, kiti nilichompa hakukikalia. "Muizi hatumulilie," alisema. "Na muntu angali muzima, pia hatumulilie. Ngoja bwana yako arudie, atatueleza." Kwa hiyo hakuna aliyetandika jamvi uani kwetu. Wamama wa kwaya hawakuja kuimba. Majirani walipita na sahani zao zimefunikwa wakienda kwenye vilio vya wengine. Sikuwa mke, sikuwa mjane. Asubuhi nilikuwa nasimama mbele ya sanduku la nguo nisijue nivae kitenge gani.

Na matawi, Baba Riziki. Wewe mwenyewe uliyakata kwa wenzako waliokufa barabarani. Najua ulivyoyapenda, hata kama ni vibaya kusema mtu anapenda msiba: pikipiki zote za Baraka zimefungwa matawi mabichi mbele, klaksoni zinalia, injini zinaunguruma, mpaka walioko sokoni wanasimama kumpisha motari aliyekufa kazini. Nilikwenda kwa mkubwa wa mamotari kumwomba walau siku moja wakusindikize, hata bila mwili, hata kwa shati lako. Alikuwa na aibu, aliongea akitazama gurudumu. "Mama, kwa muizi wa moto hatukatake matawi. Niwaambie nini bengine?" Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikulia. Niliogopa kwamba nikilia peke yangu nitakuwa nimekubali kukulilia peke yangu milele.

Kisha patroni akarudi mara ya pili, akaita ukoo wote uani kwetu aonyeshe ushahidi wake mbele ya wazee. Wanaume walikaa, mimi nilisimama nyuma na mtoto mgongoni. Simu ikapitishwa mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu niliishika. Mimi muuza samaki, ramani sijui kusoma. Lakini ile barabara naijua kwa mgongo na kwa magoti. Ule mstari wa buluu ulitoka Fizi, ukapinda pale kanisani, ukafika juu, ukakatika. Nikamwambia patroni arudishe siku za nyuma. Akarudisha kwa furaha, alidhani nataka kuthibitisha wizi wako. Siku nyingine, mstari unakatika pale pale, unaanza tena darajani. Nyingine, vile vile. Nyingine tena ilikuwa ile Jumapili ya ubatizo wa mtoto wa dada yako.

Baba Riziki, ile Jumapili nilikuwa nyuma yako. Nilikuwa nimefumba macho na kukushika mbavu.

Nilisikia sauti yangu inatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Hapa hakukata waya. Hapa njo anafungaka ufunguo. Mi nilikuwa nyuma yake!" Nikawaeleza habari ya betri, na taa niliyoshika, na waya mwekundu ulivyohamishwa kwenda kwenye ufunguo. Patroni akasema bibi anamtetea bwana yake, ni kawaida. Wazee wakaguna. Nikamwona Abwe ameegemea kijiti cha uzio, Abwe motari mwenzako mliyekuwa mnagawana hata sigara moja, naye anatazama viatu vyake. Nikajua kwa nini. Na yeye ana patroni. Mamotari wote walijua kwamba mnashuka mmefunga, ila kila mmoja aliogopa kulitaja neno hilo mbele ya mwenye pikipiki, na hakuna aliyejua ulivyofunga kile kisanduku isipokuwa mimi.

"Abwe," nikamwambia, "mi sikuombe kitu kingine mu maisha yangu. Kule juu munafungaka ao hamufungake?"

Alimtazama patroni, nami nikadhani ameshaniuza. Kisha akasema, "Tunafungaka. Siye bote."

"Basi alishuka," nikasema. "Bamama hawakumusikia sababu hakukuwa cha kusikia. Munatafuta juu, na yeye iko chini."

Mamotari waliondoka saa ile ile, Abwe mbele. Nilibaki nimekaa kwenye ngazi, na Alimasi amekaa mbali na mimi, kwa mara ya kwanza amekaa. Walichelewa. Nilisikia pikipiki moja tu inarudi, polepole, na nikamjua Abwe kwa mlio. Hakushuka. Alisema neno moja tu: "Ufunguo ulikuwa umefungwa, mama." Hivyo ndivyo alivyonipa habari ya kifo chako.

Mungu anisamehe, kwanza nilifurahi. Nilifurahi kabisa, nikapiga vigelegele kama mwendawazimu, mume wangu si mwizi, mume wangu si mwizi, ndipo nikaanguka na mtoto mgongoni. Wanawake walikuja mbio. Mtu akatandika jamvi. Sikumbuki ni nani.

Ilikuwa ile kona ya jiwe kubwa, ambako maji ya mvua yalikuwa yamekula ukingo wa barabara. Ulitoka nje na kuangukia bondeni kwenye matete, na pikipiki ilikuwa juu yako. Hawakuniruhusu kukuona, nilipewa viatu tu. Kuna jambo moja linanirudia mchana nikipima samaki: kama uliita. Najiambia kwamba ungeita wale wanawake wangesikia, kwa hiyo hukuita, kwa hiyo ilikuwa upesi. Najiambia hivyo, na naendelea kupima samaki.

Matawi yalikatwa. Yalikatwa mengi mpaka miti ya njia ya kwenda hospitali ilibaki uchi. Walipiga klaksoni tangu huko mpaka makaburini, injini zote zinanguruma, na mimi nyuma ya Abwe nimevaa nyeusi. Walinguruma kwa makusudi, nadhani, kwa sababu ya kimya chako. Alimasi alilia kuliko wote, alitaka hata kuruka kaburini, wakamshika. Nimempakulia chakula kama desturi inavyotaka. Kumsamehe bado, na usinisukume.

Patroni alikuja kuchukua chuma chake. Alitazama nyaya chini ya kiti, akaona mwekundu ulipofungwa, akasema, "Kumbe." Hilo ndilo neno lote tulilopata kutoka kwake. Kisha akauliza kama kisanduku kingali kizima. Kilikuwa kizima, bila hata mkwaruzo. Ufunguo Abwe alishautia mfukoni, na hakuna aliyeuulizia. Sasa uko kwangu.

Ungependa nikuambie kwamba mamotari wameacha. Waliapa makaburini, wote, mikono juu. Kwa muda mteremko ule ulikuwa na kelele kama kinu cha mihogo. Kisha mafuta yakapanda, na mmoja akafunga, na wa pili. Lakini wale wanawake wa shambani hawategemei tena masikio. Wanaangalia barabara kwa zamu: wakiona pikipiki inapita kimya wanasimama na majembe yao na kupaza sauti, "Washa! Washa, weye!" Nilipoambiwa nilikaa chini. Hakuna aliyewafundisha neno hilo.

Na leo sasa, ndiyo habari ya vidole vyangu. Patroni ameleta pikipiki nyingine na amempa Abwe aendeshe, na kisanduku ni kile kile chako. Abwe alikileta asubuhi ndani ya kofia yake, akakiweka barazani, hakutaka kukigusa zaidi. Nikamwambia aende kwa fundi. "Weye njo ulishikaka taa," alisema. Nilitaka kumfukuza. Nilitaka kukichukua kile kidude na kukitupa ziwani mbali kabisa na macho yangu. Badala yake nikaingia ndani kutafuta balbu yako, nikaikuta kwenye kopo la misumari, mikia yake umeifunga kwa fundo lako lile lisilofunguka.

Nilifungua kiti cha pikipiki yake mpya. Mikono ilitetemeka, kweli sawa muntu ya malaria, na hapakuwa na wa kunicheka. Mweusi kwenye chuma. Wa manjano kwenye ufunguo. Nilimenya plastiki kwa meno, Baba Riziki, meno ni koleo la maskini. Mwekundu nikaupeleka kwenye betri moja kwa moja, nikausokota mpaka ukauma vidole, nikayeyusha mpira juu yake kwa kiberiti. Abwe akachungulia. "Mama, hivi batri itakufa."

"Ikufe," nikamwambia. "Batri ikufe, weye ubakie."

Akawasha, kisha akafunga ufunguo ajaribu. Tukainama wote wawili chini ya kiti. Injini kimya, na kitaa cha kijani kinaendelea kukonyeza. Abwe alijifuta uso kwa kofia na kuondoka bila kuaga, na mimi nikachukua karatasi.

Kwa hiyo pumzika, mume wangu, mbishi wangu. Mamotari wengine wameshasikia na kesho wanakuja na visanduku vyao, na nakuahidi hakuna waya mwekundu utakaopita mikononi mwangu ukafungwa kwenye ufunguo. Riziki nitampa balbu ashike, nimfundishe vile ulivyonifundisha mimi. Na akikua akisikia maneno ya zamani, akaja kuniuliza baba yake alipotelea wapi, nitamwambia hakupotea hata siku moja. Alikuwa anarudi nyumbani, amezima pikipiki, anasikiliza ndege.

Mkeo,
Mama Riziki